Uzoefu wangu: niliagiza printi ya ndege wa Forster, nikaletewa "aliyeboreshwa"

Mtu anakulalamikia kwamba picha uliyomletea siyo, halafu wewe unamjibu "dada angu ndege si yupo hapo, tena tumemboresha", sijui mteja hapo anatakiwa aseme asante au vipi. Duka siwataji jina, sitaki kesi na mtu, wakisoma humu watajijua.

Niliagiza kwao printi ya ndege wa Raiatea aliyechorwa na Georg Forster kwenye safari ya pili ya Kapteni James Cook, yule baharia Mwingereza. Kwa wasiomjua Forster, dogo alipanda meli ya Resolution mwaka 1772 ana miaka 17, kazi yake kumchorea baba'ke, Johann Reinhold, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe humo melini. Juni 1, 1774 wakiwa Raiatea huko Polinesia, bahari ya Pasifiki, kisiwa ambacho enzi hizo Waingereza walikiita Ulieta, akapatikana huyo ndege na Forster akamchora kwa rangi za maji. Basi, ndo imeisha hiyo. Hakuna makumbusho yenye ngozi yake wala manyoya yake, na kisiwani alishatoweka, wengi wanahisi panya walioletwa na meli ndo waliommaliza. Kilichobaki ni ile karatasi, ipo Natural History Museum London, na maelezo ya wataalamu wa wakati ule. Kwa hiyo ukichezea rangi ya hiyo picha hakuna pengine pa kwenda kuhakikisha, unaelewa??

Sasa ndege mwenyewe kapoa, hana makeke. Juu kahawia nyekundu, chini yake rangi ya udongo wa njano, mabawa ya weusi uliofifia. Hawa wamemkoleza mpaka akawa kama fanta. Karatasi yenye njano ya uzee wameisafisha ikawa nyeupe pee, na kwenye kusafisha kompyuta ikala na kingo za manyoya, ukisogea unaona mstari umemzunguka kuanzia mdomoni mpaka mkiani, mkali, utadhani kakatwa na mkasi. Halafu chini WAMEKATA. Yale maandishi ya mkono ya chini yote hayapo! Mimi nilikuwa nayataka yale kuliko hata ndege, maana ndo yanakwambia huyu kiumbe alikuwa wa wapi.

Nikawatumia meseji kistaarabu kabisa. Kimya. Nikatuma tena, akanijibu binti mmoja kwa voice note huku anatafuna, eti wateja hawapendi "uchafu uchafu" na "maandishi ya ajabu ajabu" kwenye picha za sebuleni. Nikamwambia mimi ndo mteja na mimi nayapenda. Akacheka. Yaani alicheka! Hapo ndo niliwaka, kabla ya hapo nilikuwa tayari kuongea vizuri.

Sasa niwe mkweli, fremu ni kali. Mbao safi, kona zimefungwa hazina hata upenyo, kioo hakina kiputo, na kijana wa boda aliniletea mpaka mlangoni akasubiri nifungue nikague. Ukitaka picha ya harusi au ya timu yako nenda tu, hutajuta. Nilishaandika nyota tatu hapa.

Nimefuta. Nimeingia kwenye ukurasa wao nakuta wanauza na njiwa wa Tanna, ambaye Forster alimchora Agosti ya mwaka huohuo kwenye visiwa ambavyo leo ni Vanuatu, na yeye vilevile tunamjua kupitia picha hiyo na maelezo ya enzi hizo tu. Wamempaka kijani kinachowaka gizani, maandishi yamekatwa, na pembeni wameandika "rangi halisi". HALISI! Nani kawaambia, wao walikuwepo Tanna?

Nyota moja. Ni ya yule kijana wa boda, duka lenyewe halina hata nusu. Wananiambia watanichapia nyingine kwa nusu bei, nimewajibu nalipaje nusu kwa kosa lao, tangu hapo wamenisoma tiki mbili za bluu na hawajajibu. Printi nimeshaichomoa, fremu wasahau kabisa, hairudi.