Nimekipeleka Mtaa wa Kongo: kipokezi cha RTK kikisema "fiksi", je, kiaminiwe?

Habari za saa hizi wadau. Hiki mnachokiona juu ya fimbo ni kipokezi cha RTK, yaani cha kupima mahali kwa setilaiti hadi sentimita, nilichokiunganisha mwenyewe, na ndani yake kuna chipu ya u-blox ZED-F9P. Karatasi yake inaahidi usahihi wa sentimita 1, na milimita 1 zaidi kwa kila kilomita unayokuwa mbali na besi, yaani kile kipokezi cha pili kinachokaa mahali pamoja na kutuma masahihisho. Mahali pa wazi ahadi hiyo inatimia, wala sitawamalizia bando kwa hilo. Mimi kazi yangu ni kupima viwanja na majengo ya mjini, kwa hiyo nina swali moja tu: katikati ya maghorofa ya Dar, kikisema kimepata, kimepata kweli?

Tumeanzia Mnazi Mmoja. Besi iko juu ya paa, masahihisho yanakuja kwa laini ya simu. Nimewasha, sijamaliza hata kusimamisha fimbo, skrini imeandika fiksi, yaani kimepata. Nimezima, nimewasha tena, namba ni zilezile. Safi.

Haya, tumevuka Lumumba, tuko ndani ya Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Samahani mama, tunapita. Ukiinua macho hapa, anga limebaki utepe. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200, na mawimbi yake yakifika chini yameshachoka. Ukuta wa ghorofa kumi unayazima kabisa. Lakini hilo ni tatizo dogo. Balaa ni vioo. Wimbi linapiga kioo cha jengo la ng'ambo, linarudi, na kipokezi kinalipokea kana kwamba limetoka juu moja kwa moja. Likichelewa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hizo ni sentimita 30 umeshadanganywa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo pesa za wateja zinapopotelea. RTK inafanya kazi kwa kuhesabu mawimbi. Wimbi la L1, moja ya masafa ya GPS, lina urefu wa sentimita 19. Kipokezi kinajua vizuri sana kimeangukia sehemu gani ya wimbi moja, ila hakijui ni mawimbi mazima mangapi yamejipanga kati yake na setilaiti. Hayo inabidi kiyatafute kwa hesabu. Kikiwa bado kinatafuta, kinaandika floti. Kikijiridhisha, kinaandika fiksi. Sasa kilishe mwangwi: kinaweza kujiridhisha na hesabu mbovu, kikakuandikia fiksi ileile, rangi ileile ya kijani, na nukta yako iko ng'ambo ya mtaro.

Yameshanikuta. Si kwa kifaa hiki, ni kingine cha bei kubwa nilichoazima, jina naliacha. Nilipima bikoni ya kona, ile alama ya mpaka wa kiwanja, asubuhi, nikaenda kunywa chai, narudi kuhakiki, bikoni imehama karibu urefu wa rula ya shule. Bikoni ya zege, wadau. Haitembei.

Ndiyo maana leo nilichokuja kukipima ni ukweli wa kifaa. Kasi yake sina shida nayo. Na hapa Kongo, F9P muda mwingi imekaa kwenye floti. Kijana wangu amenuna, anaona tumekula hasara. Mimi nimefurahi! Kifaa kinachokubali kwamba hakijui, nakipa alama. Imenipa fiksi pale njia panda tu, anga lilipofunguka kidogo. Nikakata, nikaanza upya, zikakubaliana. Nikasogea hatua chache chini ya kibaraza, ikanipa fiksi nyingine, nikakata, nikaanza upya: zimegongana. Hiyo ya kibaraza nimeifuta.

Jambo jingine mtaliona kwenye hizi nukta: zimetawanyika kuvuka barabara zaidi kuliko kuifuata barabara. Setilaiti unazoziona ziko mbele na nyuma yako, zile za ubavuni majengo yamezifunika. Kwa hiyo kama mpaka unaoutafuta ni ukuta wa duka, ujue huko ndiko unakokosea zaidi.

Na saa. Watu wa Ulaya hawatakwambia hili. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na ionosfera, lile tabaka la juu lenye chaji za umeme linalovuruga mawimbi, hujirundika takriban nyuzi 15 kila upande wake. Kusini, rundo hilo linaangukia karibu na sisi wa Dar. Jua likizama, kuna siku mawimbi yanaanza kutetemeka, fiksi inakatika hata Coco Beach. Kazi ya sentimita imalize alasiri.

Wajapani tatizo la Tokyo walilitafutia dawa ya kwao: setilaiti za Michibiki, zimepangwa ili wakati wote iwepo moja karibu na utosi, na tangu Novemba 2018 zinatuma masahihisho ya sentimita bila mtu kuweka besi yake. Sisi huku hazitufai.

Bei? Bodi yake inacheza kwenye dola 200 na ushei, kabla ya usafiri na ushuru. Toleo langu linasikia masafa ya L1 na L2, ya L5 halisikii, na L5 ndiyo inayosaidia kutenganisha wimbi halisi na mwangwi wake. Mwenye hela ya ziada atafute lenye L5. Antena usibane matumizi: chukua ya kupimia, yenye sahani ya chuma chini, inakinga mwangwi unaopanda kutoka kwenye lami.

Kwa Posta na Kariakoo, mimi nakinunua tena, ila kwa kazi hii: naweka nukta mbili Mnazi Mmoja, kila moja naipima mara mbili kwa saa tofauti, halafu naingia uchochoroni na total stesheni, kifaa kinachopima pembe na umbali bila setilaiti. Ile antena ndogo ya uyoga iliyokuja na bodi nimempa mdogo wangu, ameibandika juu ya bajaji yake. Anasema inampendezesha.