Darubini ya 8x42 kwenye tope la Salenda na maziwa ya Nyerere: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu

Chapa siitaji, maana darubini za daraja hili zinafanana sana na ninayosema yanazihusu karibu zote: 8x42, prizimu (vioo vya ndani vinavyopinda mwanga) za BaK-4, aina bora ya kioo, mwili uliojazwa gesi ya naitrojeni ili unyevu usiingie, uzito wa gramu 680, bei ya kununulia simu janja ya kati. Nimeitumia kutazama ndege wa maji Dar es Salaam na Rufiji, juani, kwenye chumvi na ndani ya boti. Naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na pete moja ndogo nitakayoieleza.

Kwanza nambari, kwa sababu ndizo zinazowaponza wanunuzi. 8 ni mara inazokuza, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Sululu, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, aliye mita 80 utamwona kama yuko mita 10. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika kwenye jicho. Darubini ya mfukoni ya 8x25 inatoa 3.1 tu. Saa sita mchana tofauti huioni. Kunapopambazuka, mboni ya jicho ikiwa imefunguka, mnandi aliyekaa ndani ya mikoko kwenye 8x25 ni doa jeusi. Kwenye 8x42 unaona mpaka mdomo ulivyopinda nchani.

Zile za barabarani zilizoandikwa 60x60 au 100x180, lenzi nyekundu inayong'aa, ziache hapo hapo. Hazikuzi mara 60. Tazama bango la duka la ng'ambo kwa jicho moja ndani ya darubini na jingine tupu, ulinganishe. Utakuta ni mara 7 au 8 hivi. Na ule wekundu unarudisha nje mwanga mwekundu, ndiyo maana kila ndege anakuja na rangi ya ubuluu wa ajabu.

Ukiwa dukani fanya majaribio mawili. Ishike mbali na uso, ielekee mwangani, uangalie vijiduara vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo kamili, vioo vya ndani ni vizuri. Vikikatwa kingo vikawa kama pembe nne, muuzaji amekudanganya kuhusu BaK-4. Kisha tazama waya wa umeme uliolala mbali, macho yote mawili wazi. Ukiona nyaya mbili, prizimu imehama, huenda iliangushwa kwenye boksi. Usikubali kuambiwa utazoea. Macho yatalazimisha picha ziungane, na baada ya nusu saa kichwa kinauma.

Wengi wakiazimwa darubini wanairudisha wakisema haioni. Haijapangwa tu. Kunja bawaba ya katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Vikombe vya mpira vya upande wa macho viinue kama huvai miwani. Ukivaa, vishushe kabisa, la sivyo utaona kitundu tu. Fumba jicho la kulia, tazama kitu kisichotembea, tuseme mlingoti wa ngalawa iliyotia nanga pwani shwari, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Gurudumu usiliguse tena. Sasa fumba la kushoto, uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka nalo lione vilevile. Kuanzia hapo unatumia gurudumu peke yake.

Pete hiyo ndiyo kasoro kubwa ya darubini hii. Ni legevu. Kila unapoitoa mfukoni inasogea alama moja, picha ya kulia inapoteza makali, nawe unadhani macho yamechoka. Nimeizungushia tepu nyeusi ya umeme, kipande cha upana wa nusu sentimita, imetulia. Lakini kwa bei ile, tepu si kazi ya mnunuzi.

Kwa nini si 10x42? Kwa sababu ya mikono, joto na mashine ya boti. Kinachokuzwa mara 10 kinatikisika mara 10. Na tope la pwani likipata jua linapasha moto hewa ya juu yake, nayo inachezesha picha. Kukuza zaidi ni kukuza mtikisiko. Isitoshe, 10x inakupa eneo dogo zaidi la kutazama, na kundi la kitwitwi likiruka unabaki unapapasa angani.

Pale Salenda, Dar es Salaam, kati ya daraja la zamani na la Tanzanite, utakachoona kinategemea maji kuliko lenzi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, kisha kila siku inachelewa kama dakika 50. Ukienda saa nne, ndege wametawanyika mbali kwenye tope tupu, jua liko upande wa bahari, unachoona ni vivuli. Nenda saa nane mchana. Maji yanarudi, yanawasogeza yangeyange, sululu na kitwitwi kuja ufukweni, na jua limeanza kuegemea nyuma yako. Hapo 8x42 inatosha kuona michirizi ya kichwani mwa sululu. Msimu ni Septemba hadi Aprili, wageni wa kutoka kaskazini wakiwa huku. Tope lenyewe usilikanyage. Linapokea Mto Msimbazi na kila kinachotupwa ndani yake. Mkanda uvae kukatisha kifua, usiuninginize begani, vibaka wanajua thamani ya kitu chenye lenzi mbili.

Kunduchi, kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, sifa nyingine inajitokeza: inaona karibu, mpaka mita 2.5. Watu hununua darubini kwa ajili ya mbali, wakasahau kwamba nusu ya utamu wa ardhi oevu uko miguuni. Simama bila kutikisika dakika tano, shimo moja topeni litatoa jicho, kisha jicho la pili, kisha kaa dume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake. Anainua gando, anashusha, anainua. Lile dogo linachota tope na kupeleka mdomoni bila kupumzika, halafu anatema kidonge cha mchanga kilichokwisha nyonywa. Kwa macho matupu ungekaribia na wote wangezama. Ukibahatika, ndege anayewala ataonekana pia, kwa jina la kisayansi Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa kupasulia njugu.

Kwenye maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, Manze na Tagalala na mengine yanayolishwa na Rufiji, safari ya boti ndiyo mtihani. Usiegemeze viwiko ubavuni mwa boti. Mtetemo wa mashine unapanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Vibane kifuani, au uviweke magotini ukiwa umekaa. Mwombe nahodha mapema azime mashine kwenye kingo za mchanga wenye mashimo ya keremkerem, ndege wanaotoboa viota vyao humo, boti ielee yenyewe. Si mahali pote atakubali, na akikataa penye viboko msikilize. Furukombe juu ya mti mkavu anavumilia boti kuliko ndege wengi, kwa hiyo anza naye kupanga macho.

Kasoro ya pili ni mkanda. Gramu 680 shingoni kwa saa tatu si mchezo, na mkanda wa boksini ni mwembamba kama kamba ya kitambulisho. Fundi viatu anaweza kukushonea mikanda miwili ya begi la zamani ipite mabegani na kukutana mgongoni. Uzito unahamia mabegani, na darubini haipigi tumbo ukitembea.

Matunzo mabaya ndiyo yanayoua darubini Dar, kuliko kuanguka. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi za nje zinaloa papo hapo. Usizifute, iache ndani ya begi dakika 15 ipate joto la nje. Baada ya pwani, chumvi isafishe kwa maji baridi ya bomba, mkondo mdogo, kwa kuwa hii haiingizi maji. Isiyo na uhakika huo ifute kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mchanga upulize kwanza, halafu brashi laini, kitambaa cha lenzi mwisho. Upindo wa kanga au fulana unasugua chembe za mchanga juu ya kioo na kuchana utando wake.

Nyumbani isikae kabatini kwenye mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya jeli ya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe mara kwa mara hasa masika. Kuvu ikianza utaiona kama utando wa buibui ndani ya kioo. Hapo usimpe fundi saa aifungue, naitrojeni itatoka na unyevu uingie mahali pake.

Na dawa ya mbu. Zenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, zinayeyusha mpira wa nje ukawa unanata kama ulimbo. Jipake kwanza, nawa viganja kwa sabuni, ndipo uishike.