Mkataba wa zabuni umekwama: kujadili upya au kutangaza upya?
Kwa upande wa muda, kujadili upya hushinda: mkandarasi yupo kazini na mitambo yake ipo. Kutangaza zabuni upya hula miezi, pengine na kesi juu yake.

Gharama ndipo penye utata. Katika majadiliano mkandarasi hana mshindani, na wapo wanaotaja bei ya chini makusudi, wakijua wataipandisha baadaye. (Anayeumia ni mzabuni aliyesema kweli.) Ndiyo maana agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 kuhusu manunuzi ya umma linataka ongezeko la bei kwa sababu zisizotarajiwa lisizidi asilimia 50 ya thamani ya mkataba wa awali.

Daraja limefika nusu na mwamba haukuonekana kwenye vipimo? Jadili, kwa maandishi. Kazi haijaanza, au imegeuka kuwa kazi nyingine? Tangaza upya.