Uzoefu wangu: mazungumzo ya bure ya historia mchana, makumbusho Tabora

Nimehudhuria mazungumzo matano yanayotolewa bure katika jumba moja la makumbusho hapa Tabora. Nayapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyokosekana nitaieleza.

Hakuna kiingilio. Unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unakaa. Ni Jumatano na Ijumaa, saa 7:00 hadi 7:45 mchana: dakika 30 za mzungumzaji, 15 za maswali. Viti havifiki 40, na vya dirishani ndivyo vyenye hewa, kwa hiyo fika saa 6:45. Kula kwanza, maana chakula hakiingii ndani. Makombo huita panya na mende, nao hawachagui kati ya andazi na ngozi ya ngoma ya miaka mia.

Yaliyonikaa zaidi ni ya misafara. Mzungumzaji hakuanza na Wazungu, alianza na mzigo. Alileta mfuko wa mchanga wa frasila 2, karibu kilo 32, kila mtu akajaribu kuuweka begani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba uzito kama huo hadi pwani: pembe za ndovu wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi nguo na shanga. Hapo akaeleza kwa nini kitambaa kile kiliitwa merikani: kilifumwa Marekani. Ndipo akawataja Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, waliofika Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Ukiwa umeshauinua ule mfuko, siku 134 unazisikia mwilini.

Ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora hii, nayo yalikuwa mazuri. Mzungumzaji alieleza kwanza hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru wa msafara kupita katika nchi ya mtemi, si rushwa kama tunavyoitumia sasa. Bila kuelewa hongo huwezi kuelewa kwa nini Wajerumani hawakuweza kumwacha Isike ashike njia ya misafara. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilipoivunja ngome yake, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani. Nilipenda kwamba mzungumzaji alitenganisha waziwazi yaliyoandikwa na maofisa wa Kijerumani na yanayosimuliwa na wazee wa Kinyamwezi. Hivyo ndivyo historia inavyopaswa kufundishwa.

Ya mtemi Mirambo ndiyo yaliyovurugika. Ndani ya kipindi kimoja tulipitishwa kwenye rugaruga, yaani wapiganaji wake, vita vya 1871 na Waarabu wa Tabora, kifo chake tarehe 2 Desemba 1884, halafu ghafla reli iliyofika 1912 na Wabelgiji walioingia mjini tarehe 19 Septemba 1916. Muda wa maswali ukaliwa wote. Baya zaidi, Mirambo aliitwa mtemi wa Unyanyembe. Mirambo alitawala Urambo, na Unyanyembe ndiyo aliyopigana nayo. Watu huchanganya kwa kuwa zote ni nchi za Wanyamwezi na leo zimo katika mkoa mmoja, lakini kwenye mimbari ya makumbusho kosa hilo ni zito. Somo moja kwa siku moja linatosha.

Ya kura tatu, yaani uchaguzi wa Tanganyika wa 1958–59 chini ya Waingereza, nayo usiyakose yakirudiwa. Kila msikilizaji alipewa karatasi ya mfano na kutakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura imeharibika. Ukiishika kalamu unaelewa kwa nini wanachama wengi wa TANU walitaka kususia, na kwa nini Nyerere, katika mkutano wa hapa Tabora Januari 1958, alisisitiza kwamba kususia ni kukiachia viti chama pinzani cha UTP. Uamuzi huo wa kushiriki, unaoitwa Uamuzi wa Busara, ulipopita, Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuanzisha chama chake, ANC (African National Congress) ya Tanganyika.

Sasa dosari. Ijumaa saa 7 ni wakati wa swala ya Ijumaa. Mazungumzo kuhusu wafanyabiashara Waislamu wa Kazeh yalipangwa siku hiyo hiyo, na wazee ambao ndio wenye kumbukumbu za familia hizo wakawa msikitini. Alhamisi ingefaa. Mvua ikinyesha, bati linameza sauti yote na hakuna kipaza sauti, kwa hiyo kuanzia Novemba kaa safu mbili za mbele. Umeme ukikatika projekta inazimika na ramani inapotea, basi omba nakala ya karatasi mlangoni kabla hamjaanza. Huwa zipo chache.

Ukiuliza swali, taja kijiji au ukoo unaouzungumzia, utajibiwa kwa undani. Na ukija na picha ya zamani ya familia, usiiache mezani: waombe wainakili mbele yako, na nyuma ya nakala waandike kwa penseli majina, mahali na mwaka.