Virt-manager na hesabu ya vitegemezi vyake: tathmini kutoka Ngamiani, Tanga

Ni mwaka mzima sasa tangu nianze kuitumia virt-manager kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi) katika chumba chetu cha mafunzo ya kompyuta hapa Ngamiani. Tathmini hii inahusu jambo moja ambalo mtu hulitambua pale tu linapomkwamisha, nalo ni vitegemezi, yaani programu na maktaba nyingine ambazo sharti ziwepo, tena katika matoleo yanayopatana, ndipo chombo chenyewe kifanye kazi.

Programu tuliyoitumia awali, ambayo sitaitaja, ilikuja na moduli yake (kipande cha nyongeza) ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo endeshi, na moduli hiyo ilipaswa kujengwa upya kila kiini kiliposasishwa. Asubuhi moja, baada ya masasisho ya usiku, wanafunzi 12 walikaa mbele ya kompyuta zao na hakuna mashine pepe hata moja iliyowaka, kwa kuwa vifurushi vya kujengea moduli dhidi ya kiini kipya havikuwa vimepakuliwa. Bando lilikuwa limekwisha, na somo la siku hiyo likapotea.

Virt-manager haina mzigo huo. Yenyewe ni dirisha lililoandikwa kwa lugha ya Python na GTK, maktaba ya kuchorea madirisha. Kazi halisi hufanywa na libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, nayo libvirt huiendesha QEMU, inayoiga vifaa vya kompyuta, na QEMU hutumia KVM, inayoiwezesha kutumia kichakataji moja kwa moja, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Kiini kikisasishwa, KVM huja nacho. Kwa kuwa tunatumia Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, tabaka zote hizi hutoka katika hazina moja ya vifurushi, zikiwa zimekwisha kupatanishwa, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko uzuri wowote wa dirisha.

Hata hivyo, anayenunua intaneti kwa bando atashtushwa na urefu wa orodha ya vifurushi vitakavyopakuliwa. Debian hutenganisha vitegemezi vya lazima na vile vinavyopendekezwa, na chaguo la --no-install-recommends huviacha hivyo vya pili. Mimi nililitumia bila kusoma orodha, na mwanafunzi mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mbona mtandao wa mashine yangu haupandi?” Nilipochunguza nikakuta dnsmasq haipo. Ni programu ndogo sana, lakini bila hiyo libvirt haiwezi kuzigawia mashine pepe anwani katika mtandao wake wa kawaida, nayo ilikuwa miongoni mwa vilivyopendekezwa tu. Tangu hapo huanza na apt install -s, ambayo huonyesha kitakachosakinishwa bila kusakinisha chochote, kisha nikachagua kwa macho yangu. Tumeweka pia apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye kompyuta moja, hivyo kifurushi hupakuliwa mara moja na kompyuta nyingine zote hukichukua hapo.

Mgawanyo wa tabaka una faida nyingine ninayoithamini sana. Seva yetu haina dirisha lolote: ina libvirt na QEMU peke yake, na virt-manager iko kwenye kompyuta ya mezani, ikiunganishwa na seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Maktaba za GTK hazikanyagi kwenye seva kabisa. Anayetaka kuunda mashine akiwa kwenye seva yenyewe atatosheka na kifurushi cha virtinst, ambacho huleta amri ya virt-install. Angalizo ni kwamba ukitumia nywila badala ya funguo za SSH, utahitaji ssh-askpass, kidirisha cha kuulizia nywila, kwenye kompyuta ya mezani, na Debian haikuletei yenyewe. Ningependa sana iletwe.

Kimoja hakuna kifurushi kitakachokileta: kichakataji chenye Intel VT-x au AMD-V, yaani uwezo wa kuendesha mashine pepe moja kwa moja. Bila hicho QEMU huiga kila kitu kwa programu, na mashine pepe huenda taratibu mno kufaa darasani. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa mjini ni za mtumba, na mara nyingine uwezo huo upo lakini umezimwa kwenye BIOS, programu ya mwanzo inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akuwashie kompyuta, kisha fungua mipangilio ya BIOS na uuangalie uwezo huo mwenyewe.