Bafu la chini, pampu, na fundi aliyemvunjia mama yangu heshima

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Makindye, hapa Kampala. Barabara iko juu, na tanki la septiki liko huko huko juu karibu na geti, ili gari la kunyonya lilifikie. Chini palikuwa stoo. Magoti ya mama yalipoanza kushindwa na ngazi, tukaamua kumtengenezea chumba hapo, chenye choo na bafu lake mwenyewe. Shida yake anaijua kila aliyejenga mlimani: maji taka hayapandi yenyewe, na sakafu ya bafu lile iko chini ya bomba linalokwenda kwenye septiki. Inabidi uchimbe shimo, uweke pampu ndani. Uchafu unateremkia shimoni, na floti, yaani boya linaloelea humo, ikinyanyuka pampu inawaka na kuusukuma juu.

Fundi tulielekezwa na jirani. Ana maneno mazuri, na vigae alivipanga vizuri kweli, hiyo haki yake simnyimi. Lakini tangu siku ya kwanza pampu haikutulia. Inaunguruma, inazima, baada ya dakika inaunguruma tena, hata usiku wa manane hakuna aliyeingia chooni. Nikampigia simu. Akasema pampu ni mpya, itazoea.

Zikaja mvua za mwisho wa mwaka, na jioni moja umeme ukakatika. Watoto huko juu wanaoga na kuvuta choo kama kawaida. Mama akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba. Nikashuka na tochi ya simu. Uchafu haukutokea chooni, ulikuwa unapanda kwenye tundu la sakafuni la kuogea, maana ndilo lililo chini kuliko yote. Mama hakuwa ameingia bafuni tangu adhuhuri. Uchafu ule ulikuwa wetu sisi wa juu. Mswala wake, aliokuwa ameukunja vizuri kando ya mlango, ulikuwa umeloa upande mmoja.

Fundi alikuja siku ya tatu. Mama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kosa liko wapi?" Hata hakumtazama. Akajibu, "Bibi, kwani wewe unakwenda choo mara ngapi kwa siku? Punguza."

Mama yangu amepita miaka sabini. Ni mjane wa askari, ametulea kambini Jinja, na kule hakuna mwenye cheo wala asiye na cheo aliyewahi kumsemesha hivyo. Hakujibu neno. Ila tangu siku ile, baada ya magharibi akawa anakifunika kikombe chake kifudifudi kwenye kisahani. Hataki chai, hataki maji. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba anajinyima ili asiingie chooni usiku.

Aliyenifungua macho ni kijana wa gari la kunyonya. Alishuka na mpira wake kuja kukausha shimo, akatazama bomba linalopanda ukutani, akauliza, "Valvu ya kuzuia maji kurudi iko wapi, mzee?" Haikuwepo. Na bomba la pampu lilikuwa limeungwa kwenye bomba kubwa la septiki kutokea chini yake, kwa hiyo kila tulichovuta vyooni huko juu kilikuwa kinaangukia kwa mama badala ya kwenda kwenye septiki. Ndiyo maana pampu haikulala: inapandisha, inarudishiwa. Umeme ulipokatika, shimo likajaa. Nikatoa karatasi ya bei ya fundi. Valvu imeandikwa humo, na nimeilipia.

Fundi wa pili alikata, akalipandisha bomba hadi juu ya lile kubwa kisha akaliingiza kutokea juu, akafunga valvu, akaweka koki juu yake ili siku ya kuikagua maji yasimwagike. Akapeleka na bomba la hewa hadi juu ya paa, maana harufu nayo ilikuwa haina pa kutokea. Kazi ya siku mbili. Pampu ni ile ile, na sasa inawaka pale tu panapotumika.

Nilitaka kuwaambia msithubutu kujenga bafu chini ya bomba. Hapana, jengeni, mfumo unafanya kazi, mimi ninao. Ila kabla hajafukia chochote, mwambieni fundi awaonyeshe valvu kwa macho, na umeme ukikatika, walio juu waweza kuvuta choo, wa chini wasubiri kwanza. Huyu wangu pengine valvu aliisahau tu, binadamu husahau. Basi nimpe nyota mbili, kwa ajili ya vigae. Lakini nikikikumbuka kile kikombe kimefunikwa, hizo mbili nazichukua. Simpi hata moja.

Chai mama amerudia kunywa. Ila mpaka leo, kabla hajaingia bafuni, anasimama kwanza mlangoni na kuuliza kama umeme upo.