Leseni ya kuosha magari nyumbani Dar: mtandaoni nyota nne, mtaani nyota mbili

Ndo nimemaliza kufuatilia leseni ya kuosha na kung'arisha magari nyumbani hapa Dar, na kwa kuwa kila ninayekutana naye ananiuliza ilikuwaje, acha niandike yote mara moja. Kwa kifupi upande wa mifumo ya serikali ya mtandaoni nimeridhika, upande wa mtaa nusu nusu, na wale jamaa wanaosimama nje ya ofisi na bahasha za kaki wakikuita "braza njoo nikusaidie" hao hata nyota moja siwapi, nitasema kwanini.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke maana wengi wanakwamia hapa. Hii sio ile ya kijana na ndoo kando ya barabara. Napokea gari moja au mbili kwa siku kwa miadi, naosha nje, nafua siti na kapeti, napiga vakyumu, afu napiga kompaundi na polishi mpaka ile mikwaruzo midogo ipotee, na taa za mbele zilizogeuka njano nazisugua zinarudi kung'aa. Wenyewe mjini wanaita diteilingi. Ila kwa afisa wa serikali yote hiyo ni kuosha magari tu, na ukishamwambia unaosha magari anachokiona kichwani ni maji yanatiririka barabarani na msururu wa bodaboda zenye matope. Kwa hiyo kwenye barua ya maombi niliandika wazi kwamba gari hazizidi mbili kwa siku, zinakaa ndani ya geti, hakuna ufundi wa injini, hakuna kumwaga oili, na mashine haiwashwi kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Hayo maneno yamenisaidia kuliko kiambatanisho chochote.

Makaratasi sasa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure pale TRA mamlaka ya mapato, unachohitaji ni namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na maelezo ya biashara ilipo, afu wanakufanyia makadirio ya kodi ya mwaka. Hapa mtu aongee ukweli wake, maana mzunguko wa mauzo usiozidi milioni 4 kwa mwaka haukatwi kodi ya mapato, sasa wewe ukijitutumua ukasema utaingiza milioni 20 ili uonekane bosi basi hayo ndo yanaandikwa. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni, ila kama utatumia majina yako mwenyewe kama yalivyo hulazimiki kusajili, na mi nimeanza hivyo hivyo na majina ya baba na babu.

Leseni yenyewe inatoka halmashauri. Sheria ya leseni za biashara ni ya mwaka 1972 huko, na leseni zimegawanywa makundi mawili, zile kubwa za kundi A zinatolewa na BRELA na hizi zetu za kundi B zinatolewa na halmashauri za wilaya, manispaa na majiji. Siku hizi unaomba kwenye Tausi, mfumo wa TAMISEMI. Unajisajili kwa NIDA, unaingiza TIN, unapakia cheti cha TRA cha kuonyesha huna deni la kodi, unachagua aina ya biashara na kata, ombi linapita kwa maafisa, likikubaliwa unapewa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) unalipa kwa simu. Leseni unaprinti mwenyewe steshenari. Ada inategemea aina ya biashara na eneo kwa hiyo usimuulize mtu wa kata nyingine alilipa ngapi ukadhani na wewe ni hiyo hiyo. Nyota nne bila kinyongo, hasa kwa sababu unaona ombi lako limefikia kwa nani, zamani faili likiingia kwenye droo ya mtu ndo limeingia.

Kichekesho kilikuwa mkataba wa pango. Wanataka uonyeshe eneo la biashara unalimiliki au umepanga. Nyumba ni ya mama, sasa mkataba wa pango na mama yangu mzazi nauandikaje jamani, mama mwenye nyumba? Hapo ndo kishoka mmoja, wale wa bahasha za kaki, akanivuta pembeni, "dogo tunatengeneza mkataba wa laki moja kwa mwezi, tunagonga muhuri wa mwanasheria, imeisha". Asichokwambia ni kwamba pango la biashara lina kodi ya zuio asilimia 10, inayokatwa kwenye pango kwenda TRA, kwa hiyo huo mkataba wa kubuni unazaa kodi ya kweli, na unamfanya mama aonekane ana mpangaji ambaye hajawahi kumlipa hata mia. Nikamuuliza afisa mwenyewe dirishani, akasema lete barua ya ridhaa ya mwenye nyumba, nakala ya leseni yake ya makazi (karatasi ya umiliki kwa maeneo yasiyopimwa) na kitambulisho chake. Basi. Kitu cha bure kabisa ambacho yule jamaa alikuwa ananiuzia kwa elfu 50. Ndo maana nasema hao sifuri, sio kwamba wanakuibia tu, wanakuachia tatizo ambalo litakuja kukuibukia mwakani.

Mkiwa kwenye viwanja vilivyopimwa na hati inasema makazi tu, hapo kuna ngazi nyingine ya kubadili matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango miji ya 2007, muone afisa mipango miji kabla hujanunua hata sponji. Sisi huku kwetu hakujapimwa hivyo hilo limenipita.

Haya tuje mtaani, na hapa ndo kibali chenyewe kilipo, kule kwingine ni risiti tu. Barua ya serikali ya mtaa inasema kwamba wanakutambua na hawana pingamizi, na bila hiyo halmashauri yetu haikugusa ombi. Mwenyekiti wetu aliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, bado ana moto, akasema hasaini mpaka majirani wote wanaopakana na mimi wakubali kwa maandishi na mjumbe ashuhudie. Kiukweli niliona ananizungusha ila sasa hivi naona alikuwa sahihi kuliko watu wote niliokutana nao kwenye hii safari. Wa kulia na wa nyuma walisaini bila maneno. Wa chini yetu, bibi mmoja mtu mzima, nyumba yetu iko kwenye mteremko, nilimpa shikamoo akaitikia akaniangalia weee.

"Mwanangu, hayo maji yataenda wapi?"

"Yataingia kwenye shimo bibi, hayatoki nje ya ukuta."

"Shimo liko wapi nilione?"

Shimo halikuwepo. Akasema basi likiwepo uniite.

Watu wanapuuza hili jambo la maji wanakimbilia mashine ya presha na mashine ya polishi. Nikaita fundi tukajenga chemba mbili za tofali zilizopigwa plasta ndani, na sakafu ya zege yenye mwinuko inayoelekeza maji huko. Ya kwanza inanasa mchanga na tope, vinazama chini. Ya pili ndo ya mafuta, bomba la kutokea halitobolewi juu, linakunjwa kwa elbo liangalie chini ndani ya maji, ili yanayotoka yawe yale ya chini na mafuta yabaki yanaelea juu, unakuja kuyachota na kopo. Baada ya hapo ndo maji yanaingia kwenye shimo la mawe yanyonywe na ardhi. Mchanga wa Dar unanyonya vizuri ila ukiruhusu tope lipite lile shimo linaziba mapema sana na utalichimba upya, kwa hiyo chemba ya kwanza unaichota kila wiki upende usipende. Bibi nilimuita, akaja na mjukuu wake, nikafungulia mpira maji yakaenda, akainama akachungulia, akasaini.

Afisa afya wa kata naye alivyokuja alienda moja kwa moja kwenye chemba, hata mashine hakuziangalia. Akataka mifuniko isiyoacha upenyo kwa ajili ya mbu, na hilo halina ubishi maana dengue Dar tumeshaionja 2014 na 2019. Akauliza kijana anayenisaidia anatumia choo gani, sabuni zinahifadhiwa wapi, akaandika ripoti akaondoka. Mtu wa heshima, hakuzungusha mkono mfukoni wala nini. Na kwa wale wenye ndoto ya kufungua karibu na mto ili maji yawe ya bure, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, hapo utakutana na watu wa mazingira wa taifa sio afisa afya tena.

Kwanini mtaa naupa mbili basi wakati mwenyekiti nimemsifia? Kwa sababu ya pale dirishani. Barua ipo, sahihi zipo, afu dada anayegonga muhuri ananiambia kuna hela "ya muhuri" na kuna "mchango wa ofisi", nikiomba risiti ananiangalia kama nimemtukana. Niliposema nitalipa kwa kontrol namba basi muhuri ukaanza kutafutwa, mara umetoka na mtendaji, mara wino umekauka. Ulipatikana baada ya mwenyekiti mwenyewe kupita pale akauliza huyu kijana bado yuko hapa? Hela haikuwa kubwa, mtu unaweza ukatoa ukaenda zako, ila ndo hivyo ukitoa bila risiti leo na ukija kuhuisha utatoa tena.

Nyongeza ambazo hakuna ofisi itakwambia. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, ukisuuzia gari jeusi juani unaacha madoa meupe kama limemwagiwa uji, kwa hiyo nina simtanki la maji ya bomba ya DAWASA kwa kusuuzia tu na mengine natumia ya kisima. Ukitaka kuchimba kisima kipya kwa biashara, kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya bonde, huku kwetu ni Wami/Ruvu, sio halmashauri. Na umeme, kama nyumba ilikuwa kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, sahau, mashine ya presha na vakyumu zitakutoa huko mapema, mama alilalamika kabla hata sijapata mteja wa tatu.

Kama ilistahili usumbufu wote huo? Kwa kuosha gari za majirani kwa elfu saba, hapana, sidhani. Ila kuna ofisi moja ina magari kadhaa walikuwa wanaipenda kazi yangu na hawawezi kunilipa bila leseni na TIN, na sasa gari zao zinakuja kila Jumamosi kwa zamu. Mzunguko ukifika milioni 11 kwa mwaka nitatakiwa kununua mashine ya risiti ya EFD, hiyo ni gharama nyingine ya kuiwekea akiba mapema. Leseni ni ya miezi 12 toka ilipotolewa, tarehe nimeiandika kwa makapeni ukutani juu ya bomba, ukiichelewesha kuna faini. Bango sijaweka, mabango nayo yana ada yake, kwa sasa wateja nawatumia lokesheni na kuwaambia geti la bluu baada ya duka la dawa, wakipotea wamuulize bibi.